Bokoboko Halitibu Goti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya dispensari, someni haya mkiwa mmekaa, kwa sababu kusimama mtasimama sana.

Nimezoea kuona kumbukumbu za kazi zikiandikwa na wazee wenye mvi, miwani na kikohozi. Mimi sina hata kimoja. Nina mtoto wa pili ananyonya huku naandika, na huyo ndiye aliyenistaafisha. Nilipopeleka habari kwamba nina mimba tena, mkubwa mmoja wa kazi alinieleza kwa adabu sana kwamba mwanamke wa watoto wawili hawezi kufunga bendeji ikakaa. Nikamuuliza ni kidole kipi kinachopungua. Basi nimestaafu kabla sijafika miaka thelathini, na niliyojifunza yataoza kichwani kama papai nisipoyaandika. Nina hasira, na sitaificha, lakini nitajaribu isimwagike kwenye kila mstari.

Naitwa Zena, kwetu ni Vigwaza. Nilisoma mpaka sekondari, huko bara, shule ya bweni ya wasichana. Tulifundishwa usafi, hesabu na kunyamaza. Mawili ya kwanza yaliniingia. Niliporudi nikaolewa Bagamoyo, mji mkongwe, nyumba ya mawe ya ghorofa moja, na nikapata kazi dispensarini chini ya dresa, mfunga vidonda, mtu mzima aitwaye Mzee Salehe. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti nilikuwa nacho tayari.

Leo nataka kusema habari ya viungo: magoti, vifundo vya miguu, nyonga, migongo ya watu wa mpira. Msidharau. Jumatatu asubuhi nusu ya benchi letu walikuwa wachezaji, na nusu nyingine walikuwa watu waliowasindikiza ili waeleze goli lilivyoingia. Ukitaka kumfikia mama mwenye mtoto mwenye homa, ilibidi kwanza uvuke kikosi kizima.

Mzee Salehe alikuwa na desturi moja iliyowakera wote. Mtu anachechemea mpaka mezani kwake, ananyoosha mguu uliovimba, na Mzee Salehe haangalii mguu.

"Bwana mdogo, jana umekula nini?"

"Mzee, mguu ndio unaouma."

"Mguu nimeuona. Nimeuliza tumbo."

Mwanzoni nilidhani uzee umemwanza. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni na nilijua majina ya mifupa yote. Siku yangu ya kwanza ya kushika mgonjwa peke yangu, aliletwa golikipa aliyeteguka kifundo jana yake, nami nikamchua kwa nguvu zote nilizokula bwenini. Yule golikipa aliuma kilemba cha mtu aliyekuwa karibu naye. Mzee Salehe akasogea taratibu, akatazama, akasema, "Mwanangu, huyu ni mtu. Unga wa kukanda uko sokoni."

Shikeni hili basi, maana watu wetu wa pwani tuna haraka ya moto. Mtu akiteguka tu, huyu anapasha majani ya mbarika, yule anachemsha maji ya chumvi, mwingine anakaanga mchanga. Kiungo kilichoumia leo hakitaki moto wala kuchuliwa. Kinataka kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungini, kinataka kuinuliwa juu ya mto, kinataka bendeji isiyobana. Mtajuaje haijabana? Finyeni ukucha wa dole gumba uwe mweupe, mwachie. Wekundu ukirudi upesi, sawa. Ukichelewa, fungueni mfunge upya, hata kama mgonjwa anawaambia yuko salama. Wachezaji wote wako salama mpaka waanguke. Uvimbe ukipungua ndipo mchue, kwa mafuta ya nazi, taratibu, mkipandisha kuelekea mwilini.

Hayo ni ya siku za mwanzo. Yanayosumbua ni yale ya mguu usiopona, unaorudi kuuma kila mwezi. Na hapo acheni niingie nyumbani kwangu, kwa kuwa mgonjwa wangu mkubwa wa namna hiyo nilikuwa nalala naye.

Mume wangu Seifu ni karani na alikuwa beki. Beki aliyependwa, na kupendwa ndiko kulikotaka kummaliza. Katika mchezo mmoja na timu iliyotoka Pangani, mchanga ulimshika mguu, mwili ukageuka, goti likabaki. Akabebwa mpaka nyumbani. Kesho yake sahani zikaanza kuja.

Mnajua wenyewe tunavyomjulia hali mgonjwa. Huendi mikono mitupu. Sahani inakuja imefunikwa kawa, mgonjwa anakula mbele ya aliyeileta ili roho yake itulie, na sahani hairudi tupu, kwa hiyo mke wa mgonjwa naye anapika ili kuijaza. Mtu akiwa na homa, desturi hii haina madhara, kwa sababu mwenye homa hali. Beki mwenye goti anakula sana. Hana kazi nyingine. Vitumbua kwa jirani wa kulia, mkate wa kumimina kwa jirani wa kushoto, halwa kutoka kwa wapenzi wa timu, na pilau kutoka kwa wake zao, ambao hata mpira hawaujui.

Na juu ya hayo yote, bokoboko la mama yake.

Mavyaa wangu, mama mzazi wa Seifu, anaitwa Bi Mwanaidi. Yeye anakaa juu, sisi tunakaa chini, na katikati kuna ngazi ya mawe, nyembamba, yenye kujipinda, iliyojengwa na mtu aliyewachukia wageni. Tangu afiwe na mumewe Bi Mwanaidi hashuki, ila kwa harusi na maziko. Lakini nyumba anaijua kwa masikio. Akikaa pale juu kwenye mkeka wake anajua nani ameingia, nani amevua viatu, na nani amepita bila kuvua. Aliniambia wiki ya kwanza ya ndoa yangu, "Mwanangu hupanda ngazi hii mbili mbili. Tangu mtoto. Nimemgombeza mpaka nimechoka." Alisema kama mtu anayelalamika, na hakuwa analalamika.

Baada ya lile goti, Seifu hakupanda tena mbili mbili. Hakupanda kabisa, ila Ijumaa baada ya sala, tena kwa makalio, akirudi nyuma ngazi moja moja kama mtoto anayejifunza. Akifika juu anajifuta kanzu na kusema kazi zimekuwa nyingi. Aliona haya kumwambia mama yake kwamba ngazi imemshinda. Mama naye akahesabu mambo kwa namna yake: mwanangu zamani alikuwa haondoki huku juu, sasa simwoni, na chini kuna mwanamke wa Vigwaza. Jibu akalipata.

Na kwa vile mtoto hapandi, akashusha mapenzi kwa sahani. Kila asubuhi wifi yangu Saida anashuka na bakuli la bokoboko: ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa kitu kimoja, na juu yake ziwa la samli. Mji mzima unajua bokoboko hulainisha maungo. Seifu alilila. Akazidi kuwa mzito, goti likazidi kugoma, akazidi kutopanda, na mama akazidi kupika. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa kwa zaidi ya mwaka. Goti linapoa kidogo, anarudi uwanjani kabla hajaiweza hata ngazi, linavimba, sahani zinarudi.

Mzee Salehe alimwambia aje apimwe uzito. Mizani ya dispensari ilikuwa ya watoto wachanga, kwa hiyo tukaenda kwenye ghala la mbata, zile nazi za kukausha. Seifu hakupenda. Watu wanaogopa kupimwa, wanasema ni kuita jicho la hasidi. Akapanda kwenye ile mizani ya magunia, mpimaji akasogeza chuma, akasogeza tena, akamtazama juu mpaka chini.

"Frasila sita na nusu," akasema. "Hii mbata haijakauka."

Alipoanza kucheza alikuwa frasila tano. Tuliporudi Mzee Salehe akajaza mchanga kwenye gunia, frasila moja na nusu kwa kukisia, akaliweka mbele ya mume wangu.

"Bwana Seifu, libebe hili mpaka forodhani, urudi nalo."

"Mzee, nina goti."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Nimefanya kazi na vitabu na nimefanya kazi na lile gunia. Gunia halisahauliki. Lakini msidhani mtu akishaelewa ndiyo amepona. Seifu alielewa pale pale. Akaelewa mpaka chakula cha mchana.

Nikaanza na mambo yaliyo mikononi mwangu. Sikumnyima chakula, hili nalisema kwa wote walionisema. Mtu anayenyimwa huenda kula kwa watu. Nilibadilisha chakula. Wali ukapungua kwenye sinia, mchicha na kisamvu vikaongezeka. Samaki nikamchoma, sikumkaanga. Chai nikaipunguza sukari kidogo kidogo, bila kutangaza. Na nazi: badala ya nazi tatu za kila siku nikakuna moja, nikatumia tui la pili na la tatu, lile jepesi, na lile zito la kwanza nikaliacha kwa siku za wageni. Mchuzi wa tui jepesi unataka ndimu na pilipili ili ulimi usigundue. Ulimi wa Seifu haukugundua. Sikio la mama yake liligundua, nitafika hapo.

Bokoboko sikuweza kulikataa. Kukataa sahani ya mavyaa ni kutangaza vita, na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na zamu ya asubuhi. Basi Saida akishaweka bakuli na kugeuka, nalipitisha mlango wa nyuma mpaka chuoni, kwa watoto wanaosoma Kurani. Nikamwambia mwalimu wao ni sadaka ya Bi Mwanaidi. Sikusema uongo. Bokoboko lilikuwa la Bi Mwanaidi, na thawabu zilikuwa zake.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Wale mnaodhani watu hukonda kwa kufunga, njooni Bagamoyo mtazame futari: mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati zimeogeshwa kwenye shira, uji wa pilipili manga, kisha baada ya tarawehe chakula chenyewe. Dispensarini Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulikuwa mwezi wetu wa magoti. Lakini mwaka ule nyumbani kwangu tulifuturu kwa tende, uji, mhogo kipande na samaki, na bokoboko, ambalo sasa lilishuka magharibi, likawa linakwenda chuoni pamoja na sahani za majirani. Wale watoto walihitimu wakiwa wanene.

Siku ya Idi, mwalimu wa chuo akapita chini ya dirisha la Bi Mwanaidi, akasimama, akapaza sauti ya shukrani mtaa mzima usikie. Mungu amlipe Bi Mwanaidi kwa bokoboko la kila siku. Watoto wamelila Shaaban yote na Ramadhani yote. Hakuna mwanamke mwenye mkono kama wake.

Kutoka juu Bi Mwanaidi akasema, "Amina." Nikajua nimekwisha.

Wiki ile niliitwa juu. Alikuwapo Bi Mwanaidi, alikuwapo Saida akitazama kucha zake, na Ami Hamadi, mdogo wa marehemu baba mkwe, aliyekuja na fimbo asiyoihitaji. Kikao kilikuwa cha kumzungumzia Seifu, na Seifu hakuwapo, kwa kuwa Seifu alikuwa ngazini. Alianza kupanda pamoja na sisi, akaishia kwenye ile kona inayojipinda, akakaa hapo. Kikao kizima alikuwa akijibu kutoka chini kama mtu aliye kisimani.

"Mkaza mwana," Ami Hamadi akaanza, "hapa kwetu mtu akiumwa hulishwa."

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Hulishwa."

"Nazi moja," akasema Bi Mwanaidi. Hakunitazama. "Nakaa hapa, nasikia mbuzi inakuna. Nazi moja, kisha kimya. Nyumba hii ni ya nazi tatu tangu marehemu mama yangu. Na mimi nikapika, na mkono wangu huu wenye maumivu, nikaponda, kumbe napikia chuo."

"Bi mkubwa, mwanao uzito wake—"

"Umempima kwenye mizani ya mbata. Nimesikia. Kama gunia."

Na ni kweli, nilimpima.

"Mama," sauti ya Seifu ikatoka ngazini, "goti langu si kwamba Zena amenikataza—"

"Panda uje useme."

Tukasubiri.

"Nakuja," akasema.

Hakuja. Bi Mwanaidi alikaza macho mlangoni muda mrefu, kisha akageuka kunitazama mimi. Wadogo zangu, nimetazamwa na wagonjwa wa pumu, wa kichaa na wa kuumwa na nyoka, lakini sijatazamwa vile.

Ami Hamadi akatoa uamuzi. Mpaka Maulidi. Ikifika Maulidi mtoto wa watu bado anachechemea na tena amekondeshwa, mimi nirudi kwetu Vigwaza nikapumzike. "Na Rehema," akasema, "atabaki kwa bibi yake. Damu yetu hailelewi porini." Rehema, mwanangu wa kwanza, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa amelala mgongoni kwangu wakati anagawiwa.

Nilishuka. Pale kwenye kona Seifu alisogea anipishe. Sikumsemesha. Nilikwenda kazini nikafunga bendeji tatu, zote zikakaa.

Nilimwambia Mzee Salehe, naye akaendelea kukunja pamba. "Usimkondeshe," akasema.

"Mzee, si wewe uliye—"

"Wenye kifua kikuu wote wamekonda, mwanangu. Hakuna anayecheza beki. Wewe mfanye apande ngazi. Kukonda kutakuja kwenyewe njiani."

Hilo nalo mliandike mahali. Kuna watu wanaopunguza mwili wakapunguza na nguvu, goti linabaki na mzigo mdogo na nyama dhaifu, likaanguka vile vile. Mguu mbovu unataka mambo mawili pamoja: mzigo upungue, na nyama ya paja ipate kazi. Seifu akakaa ukingoni mwa kitanda, nikamfunga mfuko wa mchanga kifundoni, kama pishi moja, akawa ananyoosha mguu, anaushikilia, anaushusha polepole. Asubuhi na jioni. Alisema ni kazi ya kitoto. Baada ya dakika chache paja lilikuwa linatetemeka kama la ndama.

Jambo la pili ni bahari. Maji ya kiunoni humbeba mtu, goti likafanya kazi bila kulia. Maji yakijaa asubuhi, akawa anaingia na kutembea, aende arudi, aende arudi. Wauza samaki walimkuta siku ya kwanza.

"Beki, mpira umezama wapi?"

"Mwacheni, anamtafuta refa."

Akataka tuhamie Mbegani, ambako hakuna anayemjua. Nikamwambia goti linaloweza kutembea mpaka Mbegani halihitaji kwenda Mbegani. Akarudi majini. Baada ya wiki kadhaa mmoja wa wale wauza samaki, mwenye mgongo mbovu, alianza kutembea naye, na kejeli zikaisha kwa sababu walikuwa wawili.

Msidhani njia ilinyooka. Nilimnusa iliki mdomoni nikajua amepita mkahawani kula kaimati. Mwezi mmoja aliona amepata nafuu, akaenda kucheza bila kuniambia, akarudi na goti kama boga. Siku ile nilisema maneno ambayo hayaandikiki, na Bi Mwanaidi aliyasikia yote. Nilisema pia hili, ambalo linaandikika: "Wewe ukianguka unaletewa pilau. Mimi nikianguka, nani ataniletea Rehema?"

Alikuwa na mguu juu ya mto. Alimtazama mtoto aliyekuwa sakafuni akichezea kawa. Tangu azaliwe Rehema, Seifu hakuwahi kumbeba akiwa amesimama, kwa kuogopa goti lisimwangushe. Alikuwa akiletewa, kama sahani.

"Nipe mfuko wa mchanga," akasema.

"Uvimbe kwanza uishe."

"Ukiisha, nipe."

Tangu siku hiyo sikumnusa iliki.

Kule juu tulisikilizwa. Bokoboko halikushuka tena, Bi Mwanaidi alikuwa amenuna, na kununa kwake kulifanya kazi kuliko dawa zetu zote. Mimi nilikuwa nikimpandishia chai yake kila asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu ugomvi haufuti adabu. Anapokea, anasema ahsante ukutani. Mara moja tu aliniuliza, akiwa bado ameelekea ukutani, "Ile dubu-dubu ya jioni ni nini?" Nikamwambia ni mguu wa mwanao unashuka sakafuni, una mchanga. Akanywa chai.

Kabla sijamaliza nirudie benchi la Jumatatu, maana hili ndilo nililoliongeza mimi kwenye kazi ya Mzee Salehe, na hakuna wa kuninyang'anya. Yeye alikuwa akiuliza, "Jana umekula nini?" Mimi baada ya ule mwaka nikawa nauliza na la pili: "Na nani amepika?" Akishanijibu, nampa mgonjwa bendeji, kisha namwita huyo mpishi. Kumwambia mwanamume ale nini ni kupoteza pumzi. Anakula kilichowekwa mbele yake. Mpishi naye msimwambie kwamba chakula chake kinaua. Mwulizeni mpishi huyo mgonjwa wake alikuwaje zamani, alikimbiaje, alipandaje. Atawaambia. Akishamaliza kusema, mwambieni, tunamtaka huyo arudi. Mimi sikufanya hivyo kwa mavyaa wangu. Nilipitia mlango wa nyuma, na gharama yake mmeiona.

Asubuhi ya Maulidi nyumba ilijaa. Chini walikuwa wanaume wakitandika majamvi, Ami Hamadi na fimbo yake akielekeza watu ambao tayari walikuwa wanajua. Juu tulikuwa wanawake, tukichambua mchele. Rehema alikuwa mapajani kwa bibi yake, na nguo zake ndogo zilikuwa zimekunjwa kwenye kona, Saida alizipandisha jana yake bila kuniuliza. Chini uvunguni kulikuwa na sanduku langu, na ndani yake nguo nyingine za Rehema. Kama ningetoka, ningetoka naye, na Ami angenifuata Vigwaza kwa hiyo fimbo.

Seifu alikuwa ametoka tangu alfajiri kwenda baharini. Sikujua atarudi kwa mguu upi.

Tukasikia hatua ngazini. Zilikuja haraka, na zilikuwa chache, chache kuliko ngazi zenyewe. Bi Mwanaidi akainua kichwa.

"Nani huyo?"

Wanawake wakageukia mlango.

"Saida, funga mlango. Kuna mtu anapanda."

Saida hakwenda. Mlango ukajaa, ingawa si kama zamani. Kanzu ilikuwa imemlegea mabegani, nywele zina maji ya chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama mwanawe kuanzia kofia mpaka miguu. "Umekonda."

"Ndiyo, mama."

"Umepandaje?"

"Kwa miguu."

Wanawake wote waliacha mchele. Mimi nilikuwa nimeushika ungo nikausahau, mpaka leo sijui nilichambua nini.

"Shuka," Bi Mwanaidi akasema.

"Mama?"

"Shuka upande tena. Sikuwa nasikiliza."

Seifu akashuka. Akapanda. Safari hii mama yake alikuwa amefumba macho, mkono mmoja juu ya kichwa cha Rehema. Mbili, mbili, ile kona, mbili. Kutoka chini Ami Hamadi akauliza ni nani anayefanya fujo siku ya Mtume.

"Ni mwanangu," Bi Mwanaidi akajibu. "Mwache."

Kisha akafumbua macho, akamwambia Saida azirudishe zile nguo zilikotoka. Bi Mwanaidi alichukua nazi tatu zilizokuwa pembeni yake kwa ajili ya wali wa nyumbani, akairudisha moja kikapuni. Akafikiri. Ya pili akabaki nayo mkononi, akaishikilia kwanza.

Seifu akainama, akamtoa Rehema mapajani kwa bibi yake, akamweka begani, akasimama wima. Wakashuka, mtoto akimshika masikio, na mimi nikashuka nyuma yao. Nilifika ile kona ndipo nikaona kwamba mikono yangu haikuwa imebeba kitu, si mtoto wala sanduku.